Msitu Ulioshitakiwa kwa Uvivu

Kila asubuhi kukishapambazuka, Shinuna alichemsha chai ya tangawizi, akafuta vumbi kwenye mzani wa vifurushi, kisha akasimama na kikombe chake mlangoni pa posta ya kisiwa cha Sululu kuwatazama popo wakirudi kulala. Walikuja kwa maelfu, kila mmoja mkubwa kama paka wa jikoni, wakauteremkia msitu wa kaskazini na kuanza kugombania matawi kama wageni wanaogombania viti vya mbele harusini. Mbele ya watu ulimi wa Shinuna ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji, lakini na popo aliongea bila taabu yoyote.

"Taratibu," aliwaambia. "Nafasi zipo. Wewe mnene, sogea kidogo."

Asubuhi moja, kikombe kikiwa bado nusu, alimwona mwanamume mwenye suti amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, anapaka alama ya X nyekundu kwenye mvule wa kwanza wa msitu.

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na ofisi ya vibali ilikuwa likizo, X nyekundu ilikuwa na maana moja tu. Ilipakwa kwenye nyumba, na nyumba ikaondoka. Ilipakwa kwenye soko, na soko likaondoka. Siku moja ilipakwa kwa bahati mbaya kwenye gari la wapakaji wenyewe; walilibomoa kwa mujibu wa sheria, wakarudi makao makuu kwa miguu.

Shinuna alikimbia mpaka chini ya mvule. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga mdomoni: Acha! Huu ni msitu wetu! Akafungua mdomo, akasema:

"Shikamoo. Nikuletee kiti? Ndoo hiyo itakuangusha."

"Marahaba, binti. Chenye mgongo, kama kipo."

Akamletea kiti. Akamletea na chai.

"Nchi ingekuwa na vijana wenye adabu kama wewe, tungekuwa mbali," alisema yule mwenye suti, aliyetumwa na Wizara ya ardhi, akipuliza kikombe. Kisha akatoa bahasha mfukoni. "Na hii ni hukumu. Nimeambiwa niiache posta, maana mhusika hajibu barua."

"Mhusika?"

"Msitu."

Hapo Shinuna aliitazama mizizi ya mvule. Kwa sababu ni kweli, katika miezi mitatu iliyopita zilikuja barua tatu, rasmi, zenye mihuri, zimeandikwa: *Kwa Msitu wa Kaskazini, Sululu*. Na kufungua barua ya mwingine ni kosa. Kwa hiyo Shinuna, mtumishi wa posta aliyefaulu mtihani wa maadili kwa alama za juu, alizipeleka zote tatu kwa mwenyewe, akaziweka kwenye mizizi ya mvule, akazigandamiza kwa jiwe zisipeperuke. Mchwa walizisoma zote.

*

Mkutano uliitishwa asubuhi hiyo hiyo. Mtendaji wa kisiwa, Bwana Kombo, mtu mwema aliyeogopa hata kivuli cha bendera, aliisoma hukumu akiwa amesimama wima kwa heshima ya karatasi.

"'Baada ya Msitu tajwa kuitwa mara tatu kujieleza, na mara zote tatu kukaa kimya kwa dharau, na baada ya Wizara kujiridhisha kwamba Msitu huo umesimama mahali pamoja kwa takriban miaka mia nne bila kuwasilisha ripoti hata moja, Msitu umepatikana na hatia ya uvivu, kinyume na Sheria ya Ardhi Isiyojituma. Adhabu yake ni kukabidhiwa kwa mwekezaji.'"

Mwekezaji, barua iliendelea, ni Kampuni ya Kijani Daima. Ataukata msitu wote, na mahali pake atajenga Bustani ya Kumbukumbu ya Msitu, yenye miti mia tatu ya plastiki isiyoangusha majani ovyo. Wananchi wataruhusiwa kuingia siku za sikukuu, wakiwa wamevaa soksi.

"Na chemchemi?" aliuliza mama mmoja. Kisiwa kizima kilikuwa na maji matamu ya aina moja tu, nayo yalichimbuka katikati ya msitu. Visima vingine vyote vilitoa maji ya kupikia samaki bila kutia chumvi.

Bwana Kombo aligeuza karatasi. "Chemchemi itapambwa kwa taa."

"Na popo?"

"Popo watapewa ilani ya siku saba."

Shinuna, aliyekuwa nyuma kabisa, alitaka kusema: Ni kosa langu, zile barua nilizipeleka mimi. Badala yake alijikuta anapita na kata, anawagawia watu maji ya kunywa.

"Mwanangu, kaa chini, umeshaninywesha mara tatu," alisema Bi. Kiyanga, muuza vitumbua, mwanamke ambaye sauti yake ilisikika mpaka bara upepo ukiwa mzuri. "Wewe Kombo! Soma mpaka chini. Utamu wa karatasi ya serikali uko kwenye maandishi madogo."

Kweli, chini kabisa palikuwa na maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa. Wakazi wanaopenda ardhi hiyo ibaki hifadhi, yalisema, wanaweza kulipa Ada ya Kuiacha Ardhi Kama Ilivyo, shilingi milioni sitini, kabla ya saa kumi alasiri ya siku ya thelathini.

Watu walitazamana.

"Sasa hivi nani anaukata?" aliuliza Bi. Kiyanga.

"Hakuna."

"Kwa hiyo tunalipia kitu ambacho hakifanyiki?"

"Ili kiendelee kutofanyika," alisema Bwana Kombo, akijifuta jasho. "Kutofanyika nako kuna gharama zake, Bi. Kiyanga. Kuna wataalamu."

*

Sululu ina pande mbili, Juu na Chini, ambazo hazijakubaliana jambo lolote tangu mchezo mmoja wa bao ulioahirishwa kwa sababu ya mvua kabla mshindi hajapatikana. Hilo ndilo lililouokoa mchango. Mtu wa Juu akitoa kuku, mtu wa Chini alitoa mbuzi, akampitisha makusudi mbele ya nyumba za Juu, njia ndefu, akimwita mbuzi kwa jina.

"Nyinyi Chini mmetoa nini? Jasho tu!"

"Nyinyi Juu hata hilo jasho mnakopa!"

Mzee mmoja aliuza kitanda chake cha samadari, akaanza kulala mkekani na kumwambia kila aliyepita kwamba mgongo wake ulikuwa unautafuta mkeka huo miaka yote. Timu ya mpira iliuza nyavu za magoli, na tangu siku hiyo kila mechi iliisha kwa mabishano ya kupendeza kuliko mechi yenyewe. Darasa la tatu waligundua biashara ya kuuza ukimya: mzazi alilipa, watoto wakanyamaza saa nzima. Mpaka mwisho wa wiki akina mama walikuwa wanapanga foleni. Bi. Kiyanga alikaanga vitumbua mchana kutwa, akavipandisha bei mara tatu, na aliyelalamika aliulizwa kwa sauti ya kufika bara kama anataka kunywa maji ya plastiki.

Shinuna alikuwa mtunza fedha, kwa kuwa posta ndiyo iliyokuwa na kufuli; michango yote aliitia kwenye ndoo. Hereni zake za dhahabu, alizoachiwa na bibi yake, aliona haya kuzitoa mbele za watu. Akazitia kwenye bahasha, akabandika stempu, akapiga muhuri, akajipelekea mwenyewe kupitia dirishani.

Siku ya ishirini na moja ndoo ya posta ilikuwa na milioni sitini kamili. Juu na Chini walikumbatiana, wakacheza ngoma barabarani, na kwa muda wa nusu saa hapana aliyejua tena yupi ni wa upande gani, jambo lililowatia watu hofu kidogo, wakarudi makwao.

*

Shinuna na Bi. Kiyanga waliivusha ndoo mpaka mji mkuu. Ndani ya boti, kelele za injini zikimfanya ajione yuko peke yake, Shinuna alikiri habari za zile barua tatu. Bi. Kiyanga alicheka mpaka akashikilia ukingo.

"Ulizigandamiza na jiwe!"

"Zisipeperuke," alisema Shinuna, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu, hao walioandikia mti barua hawakuona haya. Wewe uliyeipeleka uone haya ya nini?"

Wizarani, ofisa wa dirisha namba moja aliitazama ndoo kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

"Fedha haziwezi kupokelewa hivi hivi, kama mnanunua kiberiti," alisema. "Lazima pawe na hafla, na hafla lazima iwe na mgeni rasmi. Nendeni Wizara ya Wageni Rasmi."

Naam, nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Wageni Rasmi, na ndiyo iliyokuwa na jengo refu kuliko yote. Bila mgeni rasmi hapana kilichozinduliwa, kilichofungwa wala kilichohesabika kuwa kimetokea. Kuna watu waliooana miaka kumi iliyopita na bado wanangoja mgeni wao rasmi apate nafasi. Watoto wao wamesajiliwa kama majirani.

Ofisa wa huko aliwafungulia kitabu cha picha. "Kwa ardhi, mgeni wenu ni Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Tindo Makwaru. Anakuja na hema tatu, zulia la mita mia mbili, soda za rangi nne, na Mfafanuzi."

"Mfafanuzi ni kitu gani?" aliuliza Bi. Kiyanga.

Mtu mwembamba aliyekuwa amekaa pembeni alinyanyuka, akainama kwa adabu. Aliitwa Bwana Sinani, na suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukata karatasi.

"Kwa mujibu wa Sheria ya Matamshi," alieleza, "neno la Waziri mbele ya kamera ni maoni tu. Yakipigwa makofi, linakuwa sheria papo hapo, na halifutiki. Sasa, mnakumbuka yule aliyesema bahari iongezwe? Walipiga makofi. Idara ya Maji ilichimba miaka sita. Tangu hapo kila waziri anatembea na Mfafanuzi, wa kueleza Mheshimiwa alimaanisha nini. Nina robo saa baada ya makofi. Sijawahi kushindwa."

Shinuna alitaka kusema: Hivi kwa nini asiseme tu anachomaanisha? Akafungua mdomo, akasema, "Suruali yako imepigwa pasi vizuri sana."

"Ahsante," alisema Bwana Sinani, akaona haya.

Gharama za hafla zililipwa kutoka kwenye ndoo, na ndoo ikapungua. Upungufu, ofisa alifafanua, utafidiwa siku ya hafla kwa changizo. Bi. Kiyanga alihesabu kwa vidole: upungufu ulikuwa sawasawa na gharama za hafla ya kufidia upungufu.

"Umeelewa haraka," alisema ofisa. "Wengine huwa tunawachorea."

*

Siku ya thelathini Mheshimiwa Tindo Makwaru aliwasili Sululu saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Zulia la mita mia mbili lilitandikwa juu ya tope kutoka kwenye boti, likazama, naye akaja juu yake taratibu, akizama na kuibuka, akipunga mkono. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa furaha, na alipenda makofi jinsi watoto wanavyopenda sukari guru.

Kanuni zilisema waziri hawezi kusogea bila msafara wa magari tisa. Sululu haikuwa na gari hata moja. Vijana wa Juu walileta baiskeli nne, wa Chini baiskeli nne, na la tisa lilikuwa gari la punda, ambalo ndilo lililombeba Mheshimiwa. Ving'ora vilipigwa kwa midomo. Punda, aliyezoea kubeba madafu kwa amani, aliposikia ving'ora alitoka mbio, akalipita jukwaa, na Mheshimiwa alizungushwa kisiwa mara mbili, akiipungia minazi.

"Nimefurahi kukagua," alisema aliposhushwa.

Itifaki ilizingatiwa kwa saa mbili na nusu. Walitambuliwa waliokuwepo, waliotarajiwa, waliotuma udhuru, na waliofariki wakiwa na nia ya kuja. Bi. Kiyanga alikuwa amekalia ndoo muda wote, kwa sababu, alisema, itifaki ya namna ile ikiisha maneno itaanza kula fedha. Mezani palikuwa na hati ya msitu, imetiwa ndani ya fremu ya dhahabu yenye kioo, tayari kukabidhiwa atakayelipa. Mtu wa Kijani Daima alikuwa amekaa karibu nayo, soksi mkononi.

Saa nane na nusu changizo lilianza. Mshereheshaji, kijana mwenye koti la kumetameta aliyeitwa Bashasha, alilipwa kwa wingi wa vigelegele, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujizuia.

Changizo lina desturi yake, na aliyewahi kuhudhuria anaijua. Kitu kinapigwa mnada. Watu wadogo wanataja fedha zao ndogo. Mkubwa anataja fedha ya kizunguzungu, anakinunua, anakiinua juu, na kutamka: "Na ninawarudishia wananchi!" Makofi. Kitu kinarudi mezani na kupigwa mnada tena. Kuondoka na ulichonunua ni aibu isiyosafishika. Kuna waziri mmoja aliwahi kwenda nyumbani na keki yake. Leo ni balozi mahali pasipo na nchi.

Bashasha alianza na keki.

"Elfu thelathini na nne!" alisema Bi. Kiyanga, akazitoa kwenye pindo la kanga.

"Milioni tano!" alisema Mheshimiwa. "Na ninawarudishia wananchi!"

Ikaja zamu ya jogoo. Mheshimiwa alimnunua mara nne, akamrudisha mara nne. Mara ya tano jogoo alitembea mwenyewe mpaka mezani. Kikauzwa kitambaa cha meza. Bashasha aliuza kipaza sauti, na kwa kuwa hakuwa nacho tena, wenye masikio mazito walikosa sehemu ya hotuba mpaka kiliporudishwa kwa wananchi. Mheshimiwa alinunua kiti alichokalia, akakirudisha, akabaki amesimama, uso unang'aa kwa jasho na raha. Kamera ilimfuata. Vigelegele havikukatika.

Yote hayo yalikuwa ahadi. Ahadi ya Mheshimiwa huhesabika kuwa fedha kwenye taarifa ya habari, ila benki bado hawajaizoea. Saa tisa na dakika hamsini ahadi zilikuwa milioni mia mbili. Fedha zilizoongezeka kwenye ndoo zilikuwa elfu thelathini na nne.

Mtu wa Kijani Daima alitazama saa yake, akaanza kuvaa soksi.

Shinuna aliyaona hayo kutoka nyuma ya hema. Aliwatazama watu waliouza vitanda na mbuzi, wanacheka bado, maana walidhani zile milioni mia mbili ni za kweli. Alitaka kupiga kelele. Alichofanya ni kuokota chupa tupu za soda.

Bashasha alikuwa ameishiwa vitu. Alitazama meza: keki imekwisha liwa, kitambaa kimechoka kuuzwa, na jogoo amelala. Lakini vigelegele vilikuwa vinamdai kingine. Mkono wake ukatua juu ya fremu ya dhahabu.

"Na hii je?" alipaza sauti. "Hati ya msitu wa Sululu! Msitu mzima, mvule kwa mvule, chemchemi yake, popo wake na vitoto vyao! Nani anaanza?"

"Milioni moja!" alisema mtu wa Kijani Daima, aliyedhani ni sehemu ya utaratibu.

Hapana kitu kilichomchoma Mheshimiwa Tindo Makwaru kama kupandiwa bei mbele ya kamera. "Milioni mia!" alinguruma. Akaikwapua fremu, akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, na mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Na ninawarudishia wananchi!"

Kimya.

Kimya kilikuwa kikubwa kiasi cha kusikika jogoo akikoroma. Watu walikuwa wameachama. Bwana Kombo alifumba macho. Bwana Sinani alikuwa amekwisha nyanyuka, mkono umeinuliwa, anatikisa kichwa kwa umati taratibu, kama mama anayemkataza mtoto asimwamshe baba. Bila makofi yalikuwa maoni tu.

Ndipo nyuma ya hema zikasikika chupa zinaanguka. Kisha pa. Pa. Pa. Makofi ya mtu mmoja, madogo, ya viganja vilivyolowa soda.

Alikuwa Shinuna. Hakuamua, mikono yake iliamua. Halafu Juu wakapiga, Chini wakaona Juu wametangulia, wakapiga zaidi, na hema zote tatu zikayumba.

*

"Ufafanuzi!" alisema Bwana Sinani, akakichukua kipaza sauti. Makofi yalikatika. "Mheshimiwa amenukuliwa kwa haraka. Mheshimiwa amenunua fremu. Na kioo chake. Hivyo ndivyo alivyowarudishia wananchi. Karatasi iliyomo ndani haikuwa sehemu ya mnada."

"Aa, ndiyo," alisema Mheshimiwa, akiitazama fremu mikononi kama mtu aliyejikuta kabeba mtoto wa jirani. "Fremu."

"Kama ulinunua fremu, mimi babu yako!" alifoka Bi. Kiyanga kutoka juu ya ndoo. "Na keki uliyoirudisha ilikuwa sahani?"

Watu walianza kunung'unika, kisha kuzomea. Kamera ilikuwa bado inazunguka. Bwana Sinani alifungua mkoba wake, akatoa kijitabu, akasoma kifungu kwa sauti tulivu: pale ufafanuzi unapozomewa, makofi nayo yafafanuliwe. Aulizwe aliyeanza kuyapiga, alipigia nini. Jibu lake litaandikwa, nalo halitafafanuliwa tena na yeyote.

"Nani aliyeanza?"

Umati ulipasuka katikati, na mwisho wa njia iliyofunguka alisimama Shinuna, chupa zimelala miguuni pake.

Bwana Sinani alimfuata mwenyewe. Alikuwa na upole wa daktari wa meno. "Aha, binti wa posta. Mwenye adabu zake. Hakuna haja ya kuogopa. Sema tu ulipigia fremu. Ni fremu nzuri, imetoka ng'ambo." Akashusha sauti. "Na Posta Kuu, mji mkuu, wana kiti kinachozunguka. Hakina mtu."

"Sema fremu, Shinuna," alinong'ona Bwana Kombo, rangi imemtoka. "Tuishi."

Kipaza sauti alichopewa kilikuwa kizito na kimelowa jasho la mikono ya watu. Shinuna aliona nyuso zote za Sululu zimeelekezwa kwake, Juu na Chini zimechanganyika. Aliona kalamu ya Bwana Sinani. Aliona Mheshimiwa ameinua nyusi, anangoja kama wengine, maana hata yeye sasa alitaka kujua alichonunua. Maneno yalijipanga mdomoni. Akafungua mdomo.

"Fremu," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa, ikamshtua mwenyewe. "Fremu ni nzuri sana."

Bwana Sinani akatabasamu, akaanza kuandika. Mtu wa Kijani Daima akavuta soksi ya pili. Mahali fulani mama mmoja akasema, "Ewe Mola wangu."

"Lakini sikuipigia hiyo."

Kalamu ilisimama.

"Nilipigia msitu," alisema Shinuna. Alikuwa analia, na hakujifuta, na hakumpa mtu yeyote kiti. "Msitu wenyewe. Na maji yake, na popo wake, wale wanene na wembamba. Hatutaki kuujenga, wala kuuzindua, wala kuutia taa. Hatutaki ufanye kazi. Tunaupenda hivyo ulivyo, umekaa tu. Tunaomba..."

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hapana. Siombi. Uacheni."

Kalamu ikaandika, na mtu wa Kijani Daima akaanza kuvua soksi.